Ndege Mdogo wa Matete si Kwelea

Wakulima wengi wa skimu zetu kando ya Mto Tana, wakiona ndege mdogo wa rangi ya udongo akijificha katika matete, husema mara moja, "Kwelea huyo!" Kisha huchoma matete au huvunja kiota. Mara nyingi huwa wamemwua rafiki yao. Inafaa kila mkulima ajue kuwatofautisha.

Kwanza, tazama mdomo. Kwelea ana mdomo mfupi na mnene wa kuvunja punje, na mara nyingi ni mwekundu. Ndege wa matete, ambaye wataalamu humwita sistikola, ana mdomo mwembamba wa kuokotea viwavi, panzi na wadudu wengine. Hana haja na mtama wako.

Pili, tazama wingi wao. Kwelea huja kwa makundi makubwa kama wingu. Sistikola utamkuta peke yake, au wawili wawili.

Tatu, tazama kiota. Kwelea hujenga viota vingi sana pamoja, hasa katika miti ya miiba. Sistikola hujenga kimoja tu, chini katika majani, nao mlango huwa ubavuni.

Sistikola wako wa aina nyingi, nao hufanana mno. Hutambuliwa kwa sauti kuliko kwa rangi. Mwaka 1967 Melvin Traylor, mtaalamu wa Marekani, aliandika habari za aina moja iliyopatikana katika bonde la chini la Tana tu. Tangu mwaka 1972 hajaonekana tena kwa hakika. Wataalamu wengine husema si aina ya peke yake, bali ni mchanganyiko wa aina mbili. Je, jibu litapatikanaje ikiwa vichaka vyetu vyote vitateketezwa?

Basi, ng'oa matete yaliyomo ndani ya mfereji ili maji yapite, lakini usichome vichaka vya pembeni, hasa baada ya mvua, wakati ndege wanapolalia mayai. Ukiona kwelea wa kweli wakikusanyika, mpashe habari afisa wa kilimo upesi. Usitege sumu mwenyewe, kwani sumu haichagui: itawaua na wale wanaokula viwavi shambani mwako bila kudai mshahara.