Kiyoyozi kinachovuja hula faida ya korosho

FEDHA za korosho katika Mkoa wa Lindi huanza kuingia mifukoni kuanzia Oktoba, wakati joto nalo linapopanda. Hicho ndicho kipindi ambacho wenye nyumba na maduka, kutoka pwani ya Kilwa hadi vijiji kama Milola, hufikiria kununua kiyoyozi. Wengi huuliza bei ya mashine tu, wakasahau gharama inayofuata: maji kudondoka ndani.

Hewa yenye unyevu ikigusa koili ya baridi hugeuka maji. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa siku ya unyevu mwingi. Maji hayo huangukia kwenye trei, kisha hutoka nje kwa bomba. Njia hiyo ikiziba, hushuka ukutani, na gunia la sukari au mfuko wa saruji ulio chini yake huwa hasara.

Chanzo cha kwanza ni bomba kuziba kwa vumbi, ukungu au wadudu. Mwenye nyumba azime umeme kwenye swichi kuu, azibue bomba kuanzia nje, kisha amimine maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo kwenye trei.

Cha pili ni chujio chafu. Hewa isipopita, koili hushika barafu, na ikiyeyuka maji huzidi trei. Penye vumbi, chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili na likaushwe kivulini kabla ya kurudishwa.

Gesi ikipungua barafu hutokea vilevile. Hapo aitwe fundi, naye atafute kwanza tundu linalovujisha. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kutupa fedha. Wanunuzi wa mashine za mitumba waangalie kibandiko: zenye gesi ya R22 zina mashaka mbele ya safari, kwani chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea zinaiondoa gesi hiyo hatua kwa hatua, na 2030 ndio mwaka uliowekwa kuikomesha, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo.

Cha tatu ni ufungaji mbovu. Bomba la maji lishuke angalau sentimita moja kwa kila mita moja, lisipinde kwenda juu, wala ncha yake isizame ndani ya ndoo.

Kwa mteja wa Milola anayemleta fundi kutoka Lindi mjini, safari ya pili ni nauli nyingine. Inashauriwa mapatano ya bei yahusishe ufungaji na majaribio. Kabla ya malipo, fundi amimine lita moja ya maji kwenye trei polepole, mbele ya mteja. Yakitoka yote nje, alipwe. Yakibaki au kudondoka ndani, kazi haijaisha.