Jinsi ya kuunganisha tawi la mashambani bila kutegemea waya mmoja

WAKULIMA wengi wa maziwa, chai na viazi katika eneo la kati la Bonde la Ufa wanaifahamu vyema kauli hii: "Mtandao umepotea, rudini kesho."

Mteja aliyeabiri matatu hadi Molo au Olenguruone ili kutoa karo ya mtoto hulazimika kurudi nyumbani mikono mitupu, ilhali pesa zake zimo akauntini. Kilichokosekana si fedha, bali ni njia ya tarakilishi za tawi kuwasiliana na seva iliyo katika makao makuu.

Tatizo hili limezidi kuwa zito kadiri vyama vya akiba na mikopo, hospitali, vyuo na idara za serikali zinavyohamisha rekodi kutoka kwa faili za karatasi hadi kwa tarakilishi. Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021, ni kitovu cha shughuli nyingi za aina hiyo, na kaunti yake ina kaunti ndogo 11 kuanzia Naivasha hadi Kuresoi Kusini.

Kwa miaka mingi, shirika lililotaka kuunganisha tawi lilikodi laini maalumu kutoka kwa kampuni moja ya mawasiliano. Laini ya aina hiyo hutegemewa, lakini ni ghali, huchukua muda mrefu kufikishwa mashambani, na ikikatika tawi zima hunyamaza.

Pale ambapo waya haukufika, tegemeo lilikuwa setilaiti. Bonde la Ufa lina historia ndefu katika jambo hilo, kwani kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970. Hata hivyo, setilaiti za kale huwa umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali likipanda huko, lishuke, kisha jibu lirudi kwa njia iyo hiyo, karibu nusu sekunde huwa imepita. Mfanyakazi anayehudumia foleni ndefu huona tofauti hiyo kila anapobonyeza kitufe.

Hali ilianza kubadilika mwaka 2009 mikongo ya baharini ya Seacom na TEAMS ilipofika Mombasa, ikafuatwa na EASSy mwaka 2010. Baadaye ikaja intaneti ya kasi ya simu, na mnamo Julai 2023 kampuni ya Starlink ikaanza kutoa huduma nchini kwa setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 550 pekee. Leo tawi la mashambani laweza kuwa na njia mbili au tatu za bei nafuu, ingawa hakuna hata moja isiyokatika kamwe.

Hapo ndipo unapoingia mtandao mpana unaoongozwa kwa programu, unaojulikana kwa kifupi kama SD-WAN. Katika mpangilio huu, kila tawi huwekewa ruta maalumu inayounganishwa na njia zote zilizopo. Ruta hiyo hupima kila njia wakati wote: ujumbe unachukua muda gani kufika, muda huo unabadilikabadilika kiasi gani, na ni sehemu ngapi za data zinazopotea njiani. Kisha huamua kila shughuli ipite wapi.

Maamuzi hayo hufuata kanuni zinazoandikwa mara moja katika makao makuu. Malipo ya wateja yaweza kupewa njia bora kuliko zote. Simu za ofisini zielekezwe penye kuchelewa kudogo, kwani Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano hupendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Picha za kamera za ulinzi nazo zisubiri, au zizuiwe kabisa wakati tawi linatumia data ya simu inayolipiwa kwa kipimo.

Chukua mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu jijini Nakuru kinachotaka kufungua tawi Olenguruone. Kazi ya kwanza ya chama hicho si kununua ruta, bali ni kuchunguza njia.

Swali la msingi ni iwapo njia mbili zilizopendekezwa ni mbili kweli. Kampuni mbili zenye majina tofauti zaweza kupitisha nyaya zao za faiba kwenye mtaro mmoja au nguzo zile zile. Tingatinga likichimba mahali hapo, zote hukatika kwa pamoja. Hatari hiyo si ndogo katika ukanda huu, ambako kazi ya kupanua barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa Novemba 2025.

Funzo kama hilo lilipatikana kwa kiwango kikubwa zaidi mnamo Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Waliokuwa na kampuni mbili zilizotegemea mikongo hiyo hiyo hawakuwa na kinga yoyote. Kwa hiyo, tawi lenye faiba lafaa kuongezewa njia ya aina nyingine, kama vile mtandao wa simu au setilaiti.

Jambo la pili ni umeme. Mnamo Agosti 25, 2023, stima zilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Ruta yenye njia tatu haina faida ikiwa imezimika. Betri ya dharura iihudumie ruta pamoja na modemu zote, na mafundi waulize mnara wa simu ulio karibu hudumu kwa muda gani bila stima.

Jambo la tatu ni anwani. Kila tarakilishi huwa na anwani yake mtandaoni, na kila tawi sharti lipewe kundi lake la anwani. Ikiwa Molo na Olenguruone zitatumia anwani zinazofanana, Nakuru haitajua jibu lipelekwe wapi. Ni afadhali daftari la anwani liandaliwe kabla ya tawi la pili kufunguliwa kuliko kusahihishwa baada ya tawi la kumi.

Baada ya maandalizi hayo, uwekaji wenyewe huwa mwepesi. Nambari ya ruta husajiliwa kwanza katika mtambo wa uongozi. Ruta ikifika Olenguruone, mfanyakazi yeyote aweza kuiwasha na kuchomeka nyaya. Yenyewe huutafuta mtambo huo kupitia intaneti, huonyesha cheti chake cha kidijitali na, ikitambuliwa, hupokea maagizo yake yote. Si lazima fundi asafiri kutoka Nakuru.

Kuna vikwazo viwili vinavyowasumbua wengi katika hatua hii. Kwanza, ruta iliyokaa ghalani muda mrefu yaweza kuwa na saa yenye tarehe ya zamani, hivyo ikakataa vyeti halali ikidhani muda wake haujaanza. Pili, kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Tawi laweza kuita nje, lakini haliwezi kuitwa moja kwa moja. Matawi mawili ya namna hiyo mara nyingi hulazimika kuzungumza kupitia makao makuu.

Baada ya kutambuliwa, ruta hujenga njia za siri juu ya intaneti ya kawaida, na data hufungwa kwa msimbo ili anayeidukiza njiani asiweze kuisoma. Usalama huo si hiari. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde ipasavyo. Ruta ikiibwa, cheti chake kifutwe mara moja ili mwizi asiitumie kama mlango wa kuingilia.

Hatua ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ni kujaribu. Kabla ya tawi kufunguliwa, waya wa faiba uchomolewe huku malipo ya majaribio yakiendelea, na muda wa kuhamia njia ya pili uandikwe. Stima zizimwe. Mtambo wa uongozi wenyewe utenganishwe, kwani ruta iliyopangwa vizuri yapaswa kuendelea kwa muda kwa maagizo ya mwisho iliyopewa. Majaribio hayo yarudiwe mara kwa mara, kwa sababu njia ya akiba isiyotumiwa yaweza kufa kimyakimya hadi siku inapohitajika.

Teknolojia hii haifai kila mahali. Leseni zake kwa kawaida hulipiwa kila mwaka, na ofisi ya mfanyakazi mmoja yaweza kutosheka na ruta ya kawaida inayopokea faiba na laini ya simu. Manufaa yake huonekana pale matawi yanapokuwa mengi na mafundi wachache.

Aidha, hakuna programu iwezayo kuunda njia ambayo haipo. Inachofanya ni kuchagua miongoni mwa zilizopo. Wasimamizi wanaotaka foleni ya siku ya malipo ya maziwa isitawanyike wanapaswa kuuliza kwanza nyaya zao zinapita wapi, kisha ndipo waulize bei ya ruta.