Maziwa Hayatoki? Mama, Usikimbilie Chupa

NI siku ya tatu tangu ujifungue. Umesharudi nyumbani, iwe ni Likoni, Kisauni au Changamwe, na jamaa na majirani wanamiminika kukupa hongera. Lakini usiku hulali. Mtoto ukimweka titini anavuta kidogo, anaachia, kisha analia tena. Matiti yamekuwa magumu kama mawe na chuchu zinakuwasha kama zimetiwa pilipili. Mavyaa, ambaye amelea wanawe wote na hana nia mbaya, anakwambia: "Mwanangu, maziwa yako bado hayajashuka. Mpe mtoto maji ya sukari kidogo, angaa apate kulala."

Ikiwa huyu ndiye mtoto wako wa kwanza, huenda ukakubali. Na hapo ndipo kina mama wengi wanapopotelewa na maziwa ambayo kwa kweli walikuwa nayo.

Maziwa huitwa na mtoto

Kila mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hupata habari na kutoa homoni mbili. Moja hutengeneza maziwa na ya pili huyasukuma yatoke. Maziwa yakitoka, mwili hutengeneza mengine. Yakikaa titini, mwili hudhani hayahitajiki na hupunguza kazi. Kwa hivyo titi ni kama kisima kinachojaa kadiri kinavyotekwa.

Sasa fikiria yale maji ya sukari. Mtoto akishiba maji hatanyonya. Asiponyonya, maziwa hupungua. Yakipungua atalia zaidi, nawe utampa maji zaidi ama maziwa ya kopo. Baada ya wiki mbili utasema, "Mimi sikujaaliwa maziwa," kumbe chupa ndiyo iliyoyafukuza.

Yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, huitwa dang'a. Wako wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Hilo ni kosa kubwa, kwa maana dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto dhidi ya maradhi. Usishtuke ukiona ni kidogo. Siku ya kwanza tumbo la mtoto hutosheka na kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa mara moja. Jitahidi aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, na baada ya hapo umnyonyeshe kila anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Usiku ndipo homoni ya kutengeneza maziwa huwa nyingi.

Chuchu zenye vidonda

Maumivu makali si jambo la kuvumilia tu. Mara nyingi huonyesha kwamba mtoto ameshika chuchu peke yake badala ya titi. Jaribu hivi:

Kaa vizuri na uegemeze mgongo. Mgeuze mtoto akuelekee tumbo kwa tumbo, sikio, bega na nyonga vikiwa katika mstari mmoja. Mgusishe chuchu kwenye mdomo wa juu, ungoje aachame kabisa, kisha umlete haraka kwenye titi. Usilipeleke titi kwake. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeuke nje, na aingize sehemu kubwa ya lile duara jeusi linalozunguka chuchu. Akishika vizuri utamsikia akimeza na maumivu yatapungua.

Akiwa ameshika vibaya, usimvute. Ingiza kidole chako kidogo safi pembeni mwa mdomo wake ili aachie, uanze upya. Akimaliza, paka chuchu matone ya maziwa yako mwenyewe na uache zikauke. Usizisugue kwa sabuni. Ukiona utando mweupe mdomoni mwa mtoto usiofutika, nenda kliniki mkatibiwe nyote wawili.

Matiti yaliyojaa na kuwa magumu

Hali hii huja baina ya siku ya tatu na ya tano. Ni dalili kwamba maziwa yameshuka, wala si kwamba yamekataa. Mtoto hushindwa kushika titi kwa sababu limekaza. Kamua kidogo kwa mkono, kiasi cha kulilainisha tu, kisha umnyonyeshe. Kitambaa chenye maji ya baridi baada ya kunyonyesha hupunguza uvimbe. Usilikande titi kwa nguvu.

Ukipata homa, titi likawa jekundu, la moto na lenye uchungu, usiache kunyonyesha upande huo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana uvimbe usiotibiwa unaweza kugeuka jipu.

"Lakini joto la Mombasa!"

Swali hili husikika sana baina ya Januari na Machi, jua linapochoma. Je, mtoto haoni kiu? Anaona, na dawa yake ni titi. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Siku za joto mtoto atataka kunyonya mara nyingi zaidi, basi mruhusu. Wewe ndiye wa kunywa maji.

Wakazi wa Likoni na Kisauni wanajua taabu ya maji: mara mfereji umekauka, mara ni mtungi wa mkokoteni ambao hujui umetekwa wapi. Maji kama hayo yakitiwa katika chupa isiyooshwa sawasawa humletea mtoto mchanga kuhara, na kuhara kunaweza kumuua kwa muda mfupi. Ndiyo maana tunashauriwa tusimpe kitu kingine chochote kwa miezi 6 ya kwanza, isipokuwa dawa iliyoandikwa na daktari.

Nchi yetu imepiga hatua katika jambo hili. Uchunguzi wa kitaifa wa 2003 ulionyesha kuwa asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonya bila kupewa kitu kingine. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 61. Lakini mwaka wa 2022 kiwango kilikuwa 60, maana yake tumesimama palepale.

Utajuaje kuwa anashiba?

Kilio peke yake si kipimo. Mtoto hulia kwa joto, kwa gesi au kwa kutaka kubebwa. Angalia nepi: kuanzia siku ya tano hivi, akilowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, anapata maziwa. Angalia pia mizani. Watoto wengi hupungua kidogo siku za kwanza, lakini uzito wa kuzaliwa hurudi kufikia wiki ya pili.

Mpeleke kliniki bila kukawia ikiwa nepi ni kavu, macho yamegeuka manjano, au analala mno hata kunyonya hataki. Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi pia anaweza kunyonyesha, mradi atumie dawa zake kila siku na mtoto apewe zake kama alivyoelekezwa na kliniki.

Siku ya kurudi kazini

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo, hali mtoto anahitaji titi pekee kwa miezi 6. Mama wa Likoni anayepanda feri alfajiri, au anayeshona nguo kiwandani Changamwe, afanyeje?

Anza kujizoeza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi. Nawa mikono, kamulia katika chombo safi chenye kifuniko. Kwa joto letu, maziwa yasikae nje zaidi ya saa 4. Katika friji hudumu siku 4. Usiyachemshe, yatie joto kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto. Mlezi amnyweshe kwa kikombe kidogo. Kazini nako, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia. Uliza, ni haki yako.

Na mavyaa je?

Usigombane naye. Mpe kazi ambayo hakuna aijuaye kumshinda. Akupikie uji wa pilipili manga, akubebee mtoto uoge, awaambie wageni warudi kesho upate usingizi. Baba naye aamke usiku akuletee mtoto na gilasi ya maji. Mama aliyepumzika na asiye na hofu, maziwa yake hutoka kwa urahisi.

Usiku wa leo mtoto akilia, usinyooshe mkono kuchukua chupa. Mgeuze tumbo kwa tumbo, ngoja aachame, ujaribu tena. Na ukishindwa, kukipambazuka nenda kliniki umwombe muuguzi akutazame ukinyonyesha.