Njaa ya Utotoni na Maradhi ya Utu Uzima

Katika Kata ya Kamunyonge, kama katika kata nyingi za mji wa Musoma, chakula cha kutwa ni ugali wa muhogo, pengine uliochanganywa na mtama, pamoja na dagaa au samaki wa Ziwa Viktoria. Ubora wa chakula hicho umo katika kuchanganyika kwake. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini ipatayo gramu 2 tu. Za mtama zina gramu 10 hivi. Na za dagaa wakavu hukaribia gramu 60. Siku ambayo fedha za dagaa hazikupatikana, mtoto hula ugali kwa mboga kidogo au kwa chumvi. Tumbo hujaa, lakini mwili haupati vifaa vya kujijengea. Siku moja ya namna hiyo haina madhara. Zikiwa miezi, na miezi hiyo ikirudi kila mwaka kabla ya mavuno, athari yake si udumavu peke yake. Huweza kujitokeza miaka 40 au 50 baadaye katika moyo, mishipa ya damu na kongosho.

Kwa muda mrefu maradhi ya moyo na kisukari yalihesabiwa kuwa maradhi ya shibe. Fikira hiyo ilitikiswa mwaka 1989, daktari Mwingereza David Barker na wenzake walipotangaza habari za wanaume zaidi ya 5,000 waliozaliwa katika jimbo la Hertfordshire kati ya 1911 na 1930. Wale waliokuwa na uzito mdogo walipozaliwa na walipotimiza mwaka mmoja ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo.

Ushahidi mwingine ulitoka Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944-45 majeshi ya Kijerumani yalizuia chakula kisifike magharibi mwa nchi hiyo, na posho ya mtu mzima ikashuka hadi kati ya kalori 400 na 800 kwa siku. Njaa hiyo ilianza ghafla na kwisha ghafla nchi ilipokombolewa Mei 1945. Kwa hiyo watoto waliokuwa tumboni wakati huo waliweza kulinganishwa na wenzao waliozaliwa kabla yake au waliotungwa mimba baada yake. Ni jaribio ambalo hakuna mwanasayansi mwenye haki ya kulifanya kwa makusudi. Walipopimwa wakiwa na umri wa miaka 50 hivi, miili yao ilishindwa zaidi kudhibiti sukari, na wale ambao mama zao walipatwa na njaa mwanzoni mwa mimba walikuwa na maradhi ya moyo zaidi.

Mwili wenye njaa hugawa riziki kama mama mwenye kibaba kimoja cha unga: ubongo hupewa kwanza, viungo vingine hungoja. Tatizo ni kwamba baadhi ya viungo vina msimu wa kuundwa, na msimu huo ukipita haurudi. Figo ni mfano ulio wazi. Nefroni, yaani vichujio vidogo vya damu, huacha kuundwa takriban juma la 36 la mimba. Aliyezaliwa na nefroni chache hana budi kuishi nazo. Kila moja hufanya kazi ya ziada, nyingine huchakaa mapema, na shinikizo la damu hupanda. Kongosho nalo hujenga sehemu kubwa ya seli zake za beta, zitoazo insulini, kabla ya kuzaliwa na katika miaka michache ya kwanza. Seli chache hutosha kwa mtu mwembamba alaye kwa kiasi. Hazitoshi pale mtu huyohuyo anapopata kazi ya kuketi, akanywa soda kila siku na kunenepa kiunoni. (Haifuati kwamba mtoto aliyedhoofu anyimwe chakula, utapiamlo mkali huua ndani ya majuma.)

Je, Tanzania yenyewe inasema nini? Hapa jibu si rahisi. Mwaka 1992 A.B. Swai na wenzake walitangaza matokeo ya kupima watu 8,581 katika vijiji vinane vya mikoa mitatu. Kisukari hakikuwa kingi zaidi miongoni mwa wembamba. Hata hivyo, udhaifu wa kudhibiti sukari ulionekana kwa asilimia 8.2 ya wanaume wembamba zaidi, dhidi ya asilimia 4.7 ya wale wazito zaidi. Wachunguzi hawakuharakisha kulaumu njaa, na walikuwa na haki. Kila aliyepimwa alikunywa gramu 75 za glukosi. Kwa mtu wa kilo 75 hiyo ni gramu 1 kwa kila kilo; kwa mtu wa kilo 45 ni gramu 1.67. Mwanafunzi ataona kwamba kipimo chenyewe kingeweza kuzaa sehemu ya tofauti hiyo.

Mwaka 2021, wachunguzi wa Mwanza walieleza kwamba kwa watu wazima wa kaskazini-magharibi ya nchi, udhaifu wa seli za beta ulichangia kisukari zaidi kuliko ukaidi wa mwili kwa insulini. Wengi wa waliopimwa waliishi na virusi vya Ukimwi, jambo ambalo msomaji hana budi kulizingatia. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali rasmi kisukari kitokanacho na utapiamlo kuwa aina ya tano. Tofauti hiyo ina maana kwa mgonjwa: dawa na ushauri wa chakula vinavyomfaa mtu mnene vyaweza kumdhuru aliyekonda.

Wakati huohuo hali ya nchi imebadilika. Katika vijiji vya miaka ya 1980 wenye kisukari hawakufikia asilimia 1. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 uliwakuta kuwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64, ingawa vipimo havikuwa vilevile. Nao udumavu haujakwisha: mwaka 2022 ulikuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano.

Barker aliweza kufanya kazi yake kwa sababu tangu 1911 Bibi Ethel Margaret Burnside aliwataka wakunga na wauguzi wa Hertfordshire waandike uzito wa kila mtoto katika daftari, na daftari hizo zikahifadhiwa. Musoma uzito huandikwa pia, katika kadi ya kliniki, ambayo mama huitunza nyumbani hadi mtoto anapoanza shule.