Kamba Ndani ya Ukuta wa Ateri

Nenda buchani asubuhi, muombe muuza nyama akuachie ule mshipa mnene unaotoka juu ya moyo wa ng'ombe. Huo ndio aota, ateri kuu ya mwili. Uoshe, ukate pete yenye upana wa kidole, kisha uivute. Ukuta wake ni wa njano iliyofifia. Mwanzoni pete inakufuata kwa ulaini, na ukiiachia inarudi. Ivute zaidi: ghafla inagoma, kana kwamba ndani yake mna kamba. Sasa ichane kwa wembe mahali pamoja. Inafunguka yenyewe, midomo ikaachana, kwa maana ukuta ule ulikuwa umejikaza hata bila damu ndani yake.

Tumezoea kuambiwa kuwa mishipa ni mabomba ya mpira, na mfano huo unapotosha. Mtoto anayepuliza puto refu anajua: sehemu moja ikishavimba, pumzi yote hukimbilia hapo. Ateri ingekuwa na tabia hiyo, ingevimba na kupasuka. Yenyewe hufanya kinyume: kadiri inavyotanuka, ndivyo inavyozidi kukaza.

Mwaka 1957, Margot Roach na Alan Burton, wakiwa London, jimbo la Ontario nchini Kanada, walieleza sababu yake kwa jaribio ambalo mimi nalihesabu miongoni mwa mazuri kabisa katika fani hii. Walichukua ateri za binadamu. Nyingine walizitia tripsini, kimeng'enya kilichoondoa nyuzi laini za ukuta ziitwazo elastini. Nyingine wakazitia asidi ya fomiki, ikaondoa nyuzi ngumu ziitwazo kolajeni. Zilizopoteza elastini zikawa ngumu tangu mvuto wa kwanza. Zilizopoteza kolajeni zikabaki laini, zikashindwa kukaza.

Kwa hiyo kazi imegawanywa. Elastini hubeba mzigo shinikizo likiwa dogo. Kolajeni, iliyo ngumu mara mamia kuliko elastini, hulala imejikunjakunja kama kamba ya mbuzi malishoni: mbuzi akiwa karibu na kigingi kamba haina kazi, akifika mwisho ndipo inapomzuia.

Ulaini huo wa mwanzo ndio unaotuweka hai kati ya pigo na pigo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takribani mililita 70 kwa mkupuo. Aota hutanuka, huhifadhi sehemu ya damu hiyo, kisha hurudi na kuisukuma mbele wakati moyo unajaa upya.

Lakini elastini karibu yote huwekwa kabla ya kuzaliwa na utotoni, na baadaye mwili hauiongezi ipasavyo. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Kufikia miaka 60 ukuta umekwisha kunyooshwa zaidi ya mara bilioni mbili, nyuzi zimekatikakatika, mshipa umetanuka, na mzigo umeiangukia kolajeni. Wimbi la mapigo, ambalo kwa kijana husafiri kwenye aota kwa takribani mita 5 au 6 kwa sekunde, kwa mzee hufikia 10 na zaidi.

Ndiyo maana mzee akipimwa presha na kuambiwa 165 kwa 70, asifarijiwe kwamba "ya chini iko sawa." Ya juu imepanda kwa sababu aota haipokei tena mkupuo kwa ulaini; ya chini imeshuka kwa sababu hairudi tena kwa nguvu kuisukuma damu moyo unapopumzika.