Mahakama ya Marekani na mama wa vitumbua

Wiki iliyopita, mara tu baada ya kipindi hiki kwenda hewani, nilipokea simu ya mama mmoja wa hapa Dar es Salaam. Asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, alikuwa akipita karibu na Ubalozi wa Marekani na ndoo yake ya vitumbua wakati bomu lilipolipuka. Vioo vilimkata usoni na mkononi. "Mwanangu," aliniuliza, "nilisikia mahakama ya Marekani imeamua waliopigwa na bomu walipwe. Mbona mimi sijaona hata senti? Mahakama hiyo ni ya namna gani?"

Nikamwambia, "Shikamoo Mama, nipe wiki moja nikueleze vizuri." Leo natimiza ahadi, na naamini wapo wengine wenye swali kama lake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Marekani ina mahakama za aina mbili. Nchi ile ni shirikisho la majimbo 50, na kila jimbo lina katiba yake, sheria zake na mahakama zake. Mtu akiiba gari Texas, au mwenye nyumba akimdai mpangaji kodi Chicago, kesi huenda kwenye mahakama ya jimbo. Mashauri mengi ya Wamarekani huanzia na kuishia huko.

Pembeni mwa hizo zipo mahakama za serikali ya shirikisho. Hizi hushughulikia mambo yanayogusa Katiba ya nchi nzima, sheria zilizotungwa na Bunge la Washington, mikataba ya kimataifa, ugomvi wa jimbo na jimbo, na kesi ambazo serikali ya Marekani yenyewe imo. Sheria za shirikisho zinaruhusu anayeua Wamarekani au kulipua jengo la serikali yao ugenini ashitakiwe kwao. Ndiyo maana kesi za mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224, wengi wao Waafrika wenzetu, zilisikilizwa New York.

Mahakama hizo zina ngazi tatu. Chini kabisa zipo Mahakama za Wilaya 94. Jina lisikudanganye, msomaji. Hizi si sawa na mahakama zetu za wilaya, kwani husikiliza mauaji, ugaidi na madai ya mabilioni. Ngazi ya pili ni Mahakama za Rufaa 13. Huko haletwi shahidi; kwa kawaida majaji watatu hupitia kumbukumbu na kuuliza kama sheria ilifuatwa. Kileleni ipo Mahakama ya Juu yenye majaji tisa. Hiyo huletewa maombi maelfu kila mwaka, lakini huchagua yenyewe ya kusikiliza, na idadi yake haifiki mia. Majaji wanne wakikubali ombi, shauri linapokelewa.

Majaji hao hupatikanaje? Rais hupendekeza jina, Seneti hulipigia kura. Akishathibitishwa, jaji hukaa kitini maisha yake yote mradi mwenendo wake ni mwema. Hana umri wa kustaafu kwa lazima kama majaji wetu, na mshahara wake haupunguzwi. Kumwondoa ni kazi ngumu: Baraza la Wawakilishi limshitaki, kisha Seneti imtie hatiani kwa theluthi mbili ya kura. Tangu mahakama hizo zianzishwe mwaka 1789, walioondolewa kwa njia hiyo ni wanane tu. Shabaha ni kwamba jaji asimwogope aliyemteua.

Je, kinga hiyo inafanya kazi? Tuangalie kesi zinazotuhusu.

Mwaka 2001 washitakiwa wanne, akiwamo Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar, walitiwa hatiani New York. Waliowatia hatiani hawakuwa majaji. Ilikuwa juri, yaani wananchi 12 wa kawaida waliochaguliwa kwa kesi hiyo. Sisi tumewazoea wazee wa baraza, ambao hutoa maoni na jaji habanwi nayo. Kule juri ndiyo huamua kama mtu ana hatia. Serikali iliomba Khalfan anyongwe, kwa maana ya kuuawa kisheria. Adhabu hiyo ilihitaji wote 12 wakubaliane. Hawakukubaliana, naye akafungwa maisha.

Mwaka 2010 ikaja zamu ya Mtanzania mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani. Kabla ya kufikishwa mahakamani alikuwa amehojiwa katika gereza la siri la shirika la ujasusi la Marekani. Upande wa mashitaka ulitaka kumleta shahidi muhimu kutoka hapa Tanzania. Jaji Lewis Kaplan alimkataa, kwa sababu serikali ilimjua shahidi huyo kutokana na maneno yaliyotolewa na Ghailani kwa kulazimishwa. Juri ikamwona hana hatia katika mashitaka zaidi ya 280, ikamtia hatiani kwa shitaka moja tu la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali. Wanasiasa walipiga kelele. Lakini shitaka hilo moja lilitosha, na Januari 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha. Jaji aliikatalia serikali yake katika kesi ya ugaidi, na kesho yake alirudi kazini.

Sasa nirudi kwa Mama. Hukumu aliyoisikia si ya jinai, ni ya madai. Majeruhi na wafiwa waliishitaki nchi ya Sudan mbele ya Mahakama ya Wilaya ya Washington, wakisema iliwahifadhi na kuwasaidia al-Qaeda. Mwaka 2014 mahakama iliamua walipwe jumla ya zaidi ya dola bilioni 10, zikiwamo kama bilioni 4.3 za kuiadhibu Sudan. Sudan ikakata rufaa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikafuta zile za adhabu, kwa hoja kwamba sheria iliyoziruhusu ilitungwa mwaka 2008, miaka kumi baada ya mabomu. Wadai wakapanda hadi juu. Mei 18, 2020, katika shauri la Opati dhidi ya Jamhuri ya Sudan, majaji wanane walioshiriki wote walisema Bunge lilikusudia sheria hiyo iguse hata matendo ya zamani.

Ukisikia hivyo unadhani watu walikwenda benki siku iliyofuata. La hasha. Mahakama ni mhimili wa dola, lakini haina jeshi wala hazina. Hutoa hukumu, na utekelezaji hutegemea wengine. Serikali ya Marekani ilipatana na Sudan kwa dola milioni 335, na Desemba 2020 Bunge likapitisha sheria ya kuirudishia Sudan kinga dhidi ya kesi za namna hiyo. Kutoka bilioni 10 hadi milioni 335! Na katika mgawo huo, wafanyakazi wa ubalozi Wakenya na Watanzania walipangiwa kiasi kidogo kuliko wenzao Wamarekani.

Na Mama je? Sheria ya mwaka 2008 ilifungua mlango kwa raia wa Marekani, askari wao, na watu waliokuwa kazini kwa serikali yao, wakiwamo wa mikataba, pamoja na familia zao. Mpita njia mwenye ndoo ya vitumbua hakutajwa. Kama asingetajwa na jaji, angekata rufaa. Lakini aliyemwacha nje ni mtunga sheria, na jaji hawezi kumwingiza mtu ambaye sheria haimjui.

Nilimpigia Mama juzi nikamsomea haya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hakimu wao hakuninyima. Hakuniona tu."

Sikuwa na la kuongeza. Tunapoisifu mahakama huru, na mimi ninaisifu, tukumbuke kuuliza nani ameandikwa katika sheria ambayo mahakama hiyo inaitafsiri. Swali hilo linawahusu wabunge wa Washington. Linawahusu na wa Dodoma pia.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.