Rejea ya Biblia kwenye simu ikifungua patupu

Familia nyingi siku hizi husoma Neno jioni kwa simu, na watoto ndio wanaoshika kifaa. Mkifika Marko 9:29, kwenye habari ya baba aliyemleta mwanawe anayeanguka na kutoka povu, pembeni kuna kialama cha rejea kinachokupeleka Mathayo 17:21. Mtoto anakigusa. Inafunguka namba ya aya bila maneno, au simu inarukia aya ya 22 inayozungumzia jambo jingine kabisa.

Katika nyumba yenye mtoto mwenye kifafa, huo si usumbufu wa simu tu. Tafsiri ya Union hutumia neno hilohilo, kifafa, kwa ugonjwa wa kijana huyo katika Mathayo 17:15, na aya ya 21 ndiyo inayotaja kusali na kufunga. Mzazi anayekuta patupu huweza kuamini kwamba aya imefutwa makusudi, na kwamba ndani yake kuna tiba iliyofichwa. Kutoka hapo hadi kuweka vidonge vya mtoto kabatini ni hatua fupi.

Hakuna aliyeificha. Nakala za mkono za Mathayo zilizo za kale zaidi hazina maneno hayo, kwa hiyo tafsiri nyingi za karne ya 20 na kuendelea huyatia kwenye mabano au huyashusha kwenye tanbihi. Orodha nyingi za rejea, kwa upande wake, zilitungwa kwa kufuata Biblia za zamani zilizo na aya hiyo. Kiungo kinafika mahali sahihi, ila maneno yamehamia chini. Gusa alama ya tanbihi, au badilisha tafsiri ndani ya programu hiyohiyo, utayasoma. Mathayo 18:11 na Matendo 8:37 hufanya hivyo pia.

Na kwa kuwa tumegusa kifafa: mzazi akitaka kusali na kufunga, hilo ni lake na imani yake, lakini dozi ya mtoto ibaki palepale. Kukatisha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege refu lisilokoma, na hilo ni la kukimbizwa hospitali. Kukosa usingizi nako huchochea kifafa, kwa hiyo kabla ya kumpeleka mtoto huyo kwenye mkesha, zungumza na daktari wake.

Turudi kwenye simu. Rejea inapogoma, jaribio la kwanza ni kuitafuta aya hiyo kwa mkono, yaani kuchagua kitabu, sura na aya mwenyewe. Ikifunguka, kosa liko kwenye kiungo. Isipofunguka, huenda maandishi yenyewe hayamo ndani ya simu. Pengine ulipakua Agano Jipya peke yake, au tafsiri hiyo inasomeka ukiwa na bando tu na bando limekwisha. Ipakue yote mkiwa kwenye mtandao, kabla ya saa ya ibada.

Kiungo kikikupeleka kitabu kingine, angalia vifupisho. Programu nyingi zilitengenezwa kwa Kiingereza kwanza, na vifupisho vya Kiswahili vina mitego yake: Yn ni Yohana na Yon ni Yona, Flp ni Wafilipi na Flm ni Filemoni, Amu ni Waamuzi, si Amosi. Vitabu vyenye sura moja navyo huichanganya. Ukiandikiwa “Yuda 5”, maana yake ni aya ya tano, lakini programu inaweza kutafuta sura ya tano ambayo haipo. Obadia, Filemoni, 2 Yohana na 3 Yohana ni vivyo hivyo. Dawa yake ni kuandika Yuda 1:5 kwenye sehemu ya kutafutia.

Kosa linalosumbua zaidi ni la aya chache mbele au nyuma. Namba hizi hazikuwamo tangu mwanzo: sura tunazotumia huhusishwa na Stephen Langton wa karne ya 13, na aya za Agano Jipya alizigawa Robert Estienne mwaka 1551. Biblia za lugha mbalimbali hazikukubaliana kila mahali. Zaburi ya 51 ina aya 19 katika Union, lakini katika Kiebrania ina 21 kwa sababu kichwa cha zaburi huhesabiwa. Tafsiri ya Kifaransa ya Segond hufuata hesabu hiyo, kwa hiyo familia ya Bukavu au Bujumbura inayosoma lugha zote mbili itakuta ombi la moyo safi kwenye aya ya 10 upande mmoja na ya 12 upande mwingine. Malaki ina sura nne kwetu, tatu kwa Kiebrania. Hapo soma tu aya mbili juu na mbili chini, na mwambie mtoto kwa nini, maana yeye ndiye wa kwanza kuuliza kama Biblia imekosea.

Kuna rejea nyingine ambayo ningependa kila mzazi aifikie. Yoshua bin Sira sura ya 38 inaagiza daktari aheshimiwe, na inasema dawa zimetoka ardhini kwa uwezo wa Mungu. Katika programu yenye vitabu 66 haitafunguka hata ukiigusa mara ngapi, kwa kuwa kitabu hicho kimo kwenye Biblia ya Kikatoliki yenye vitabu 73. Chagua toleo lenye Deuterokanoni.

Kama umejaribu yote hayo na kiungo bado kibovu, sasisha programu kutoka duka rasmi la simu yako, si kwa faili lililozungushwa kwenye kundi la WhatsApp. Kisha waandikie watengenezaji ukitaja jina la tafsiri, aya uliyokuwa ukisoma, aya uliyotarajia na ile iliyofunguka, na uambatanishe picha ya kioo.